Kungoja Kusi Funguni

Babu yangu alikuwa akifanya kazi miezi minne na kula mwaka mzima. Alikuwa fundi kalafati wa Funguni, hapa Unguja. Miezi yake ilianza siku chombo cha kwanza cha kaskazi kilipotia nanga mbele ya Malindi, ikaisha siku chombo cha mwisho kilipotweka tanga kurudi kwao na upepo wa kusi. Miezi minane iliyobaki alitengeneza ngalawa za majirani, alivua kidogo, na alizungumza sana barazani. Watu wa namna yake walikuwa wengi mjini: wachukuzi, washona matanga, wauza maji, wenye kupangisha vyumba vya uani. Wote waliishi kwa kungoja.

Nilizaliwa mwaka 1951, kwa hiyo vyombo hivyo niliviona kwa macho yangu kabla havijapotea. Yalikuja mabum ya Kuwait na masambuki ya Arabuni, na vyombo vya Kachi vyenye tezi zilizonakshiwa. Vilileta tende, chumvi, samli, mazulia, na papa mkavu ambaye harufu yake iliingia hadi kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Viliondoka na nazi, karafuu na boriti. Boriti nyingi zilikatwa kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika huko ndani ya bum la Kikuwaiti la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akaeleza jinsi mabaharia walivyozitoa boriti hizo kwenye matope na joto la delta. Ukiingia nyumba kongwe za Ghuba utaona vyumba ni vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu. Upana wa chumba cha mtu wa Kuwait uliamuliwa na mti wa Rufiji, na mti ule ulimfikia kwa sababu bara la Asia hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua miaka mingi kuielewa sawasawa, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa jiografia.

Nianze na kazi yenyewe. Chombo kilipokwisha kupakua, kilisubiri maji ya bamvua kikapandishwa ufukweni, na maji yalipotoka kikabaki kimeegemezwa magadi ubavuni. Babu na wenzake wawili walikizunguka wakigonga mbao kwa nyundo na kusikiliza. Penye mlio wa uchovu walichokoa pamba kuukuu, wakasokota mpya, wakaichovya mafuta na kuishindilia kwa patasi kati ya ubao na ubao. Baadaye ilikuja deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mikono sehemu yote inayozama, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Mikono ya babu ilikuwa myeupe kwa chokaa tangu Januari hadi Machi, na bibi alikuwa akisema kwamba hata pilau ya Idi, Idi ikiangukia miezi hiyo, ilikuwa na ladha ya deheni.

Hakuna nahodha aliyemharakisha. Angemharakisha aende wapi? Kaskazi ikivuma, kurudi Arabuni ni kubisha kinyume cha upepo na mkondo, wiki baada ya wiki. Chombo kilichofika Desemba kilikaa hadi kaskazi ichoke, zipite siku za tanga mbili ambapo upepo haujui unakotoka, kisha kusi ianze. Mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, ndio uliokuwa mlango wa kutokea. Aliyechelewa aliukuta umefungwa, kwa maana Juni na Julai kusi hukaza mbele ya pwani ya Somalia hata bahari ile haipitiki kwa tanga, naye alilazimika kungoja demani, Agosti au Septemba, kusi ikisha kulegea.

Mtu aliyetaka kushindana na jambo hili alilipa. Mreno Vasco da Gama aliondoka Malindi ya Kenya tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na sultani wa mji, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Siku 26. Rubani alijua mwanzo wa kusi ni lini. Wakati wa kurudi Mreno hakungoja mtu. Aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kusi imekwisha na kaskazi bado haijaja, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Alikaa baharini miezi mitatu na siku mbili. Mabaharia wake wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hivyo mojawapo, São Rafael, ikachomwa moto kwenye mafungu ya pwani ya Tanga. Babu aliijua habari hii ingawa hakusoma kitabu hata kimoja cha Mreno. Wazee wa Funguni waliisimulia kama habari ya mtu aliyepanda mpunga kiangazi.

Upepo huo ndio uliochora ramani ya miji yetu. Chombo kutoka Arabuni kiliweza kushuka hadi Kilwa na kurudi ndani ya msimu mmoja. Kwenda Sofala penye dhahabu kulihitaji msimu wa pili. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa na watu wa pwani wenyewe, na Kilwa ikatajirika kwa kuwa mwisho wa pumzi ya kaskazi. Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331, akausifu, kisha akapanda chombo akaenda Dhofar. Na neno lenyewe msimu ni mawsim la Waarabu, ambalo Wareno walilichukua na kulipeleka Ulaya likawa jina la pepo hizi.

Lakini nitakuwa nimedanganya nikiishia kwenye dhahabu na boriti. Bibi yangu, mke wa kalafati, alikuwa na amri moja iliyokuja na kaskazi: kabla ya magharibi watoto wote ndani na mlango ufungwe komeo. Mimi nilidhani ni hofu ya kizee. Nilipokua ndipo alinieleza kwamba amri hiyo aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata mjini humu wakati vyombo vya kaskazi vilipokuwa vikiondoka na watoto walioibwa vichochoroni. Kusi iliyobeba karafuu ilibeba pia watu walionunuliwa soko la Mkunazini, hadi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipolifunga. Manowari za Waingereza zilizowawinda wafanyabiashara ya watumwa zilifuata kalenda ileile ya upepo, kwa kuwa zilijua ni miezi gani mzigo wa watu utapita. Upepo hauna dhambi. Lakini mimi siwezi kuisifu kusi bila kuitaja komeo ya bibi yangu.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana babu alikuwa na yake. Kwenye mwimo wa mlango wa kibanda chake cha zana kulikuwa na safu ya alama za mkaa. Kila mwaka aliandika namba moja: siku ngapi zimepita tangu Nairuzi hadi chombo cha kwanza cha kaskazi kuonekana. Nairuzi, au Siku ya Mwaka, ndiyo ile ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Ilikuwa kalenda ya manahodha. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490, alipanga safari za bandari zote kwa siku za Nairuzi: siku ya ngapi utoke Aden, siku ya ngapi mlango wa Malabari umefungwa. Wazee wetu waliugawa mwaka huo miongo, kumi kumi, nahodha akauhesabu kwa vidole.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauongezwi siku kila mwaka wa nne. Hivyo kila miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja ukiilinganisha na jua. Namba za babu kwenye mwimo zilikuwa zikipanda na kushuka, mwaka huu chombo kimewahi, mwaka ujao kimechelewa, lakini ukizitazama za miaka mingi pamoja zilikuwa zikipanda polepole. Nilipokuwa na miaka kama kumi nilimuuliza kama kaskazi inachelewa. Alinijibu: "La, mjukuu wangu. Upepo uko palepale. Hesabu ndiyo inayoukimbia."

Jibu hilo nimelibeba maisha yangu yote. Karne kwa karne, kitu kilichokuwa kikiteleza kilikuwa kalenda ya binadamu, na upepo ndio uliokuwa kigingi. Tangu zama za Ibn Majid Nairuzi imeteleza zaidi ya siku 120, nao manahodha waliendelea kusahihisha vitabu vyao, mwana baada ya baba, kwa kuutegemea upepo.

Kwa nini ulitegemeka? Mwaka 1686 Mwingereza Edmond Halley, yuleyule wa nyota yenye mkia, alichapisha ramani ya pepo za bahari ya tropiki pamoja na maelezo yake: jua likiipiga Asia, hewa juu ya bara hupata moto, hutanuka na kupanda, na hewa nzito ya baharini huja kuziba nafasi. Majira ya baridi mambo hugeuka. Waliokuja baadaye waliongeza mzunguko wa Dunia, ambao huipinda kusi ikisha kuvuka ikweta na kuielekeza India, na mengine mengi kuhusu mikanda ya mvua inayolifuata jua. Msingi wa Halley ulibaki. Mvuvi wa Pangani huuishi msingi huo kila siku kwa kipimo kidogo: alfajiri anatoka na umande, upepo wa nchi kavu iliyopoa usiku, alasiri anarudi na upepo wa bahari, nchi imekwisha pata moto.

Mimi niliufundisha kwa sufuria mbili. Moja mchanga mkavu, moja maji, zote juani kwenye ukumbi wa skuli saa tatu asubuhi. Saa sita wanafunzi walitia mikono. Niliwaambia kwamba kilo ya maji huhitaji joto karibu mara tano ya kilo ya mchanga ili ipande kiasi kilekile, na kwamba bahari, zaidi ya hayo, hukorogwa na mawimbi na kuliteremsha joto kwenye vina. Bahari ni nzito, nchi ni nyepesi. Ndiyo maana, niliwaambia, hata katika ongezeko la joto duniani nchi kavu itatangulia na bahari itafuata.

Niliwafundisha nusu ya jibu, na nalisema hili kwa sababu baadhi yao leo ni walimu. Mwaka 2021 Syukuro Manabe, Mjapani aliyefanya kazi Princeton, Marekani, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia, nami nikiwa nimeshastaafu nikaanza kusoma kazi zake. Yeye na wenzake, hasa katika makala yao ya mwaka 1991, walionyesha kwa hesabu za kompyuta jambo ambalo sufuria zangu mbili haziwezi kulionyesha. Kama tofauti ingekuwa ya uzito tu, bahari ingechelewa kisha siku moja ingelifikia bara. Haifiki. Hata ukiuacha ulimwengu utulie na joto lake jipya, bara hubaki mbele.

Sababu ni maji ya kuvukiza. Bahari ikipashwa moto hutoa jasho, na jasho lile halikomi. Joto lake hupanda na mvuke, na mvuke ukigeuka wingu juu, joto huachiliwa hukohuko. Nchi kavu hutoa jasho ikiwa na unyevu. Ikikauka, joto lote hubaki usoni mwake. Na juu sana, kilomita kumi hivi, hewa ya tropiki hugawana joto kama ndugu wa nyumba moja: ya juu ya bara na ya juu ya bahari hazitofautiani sana. Lakini chini, hewa kavu hupoa kwa kasi zaidi kila inavyopanda kuliko hewa yenye mvuke. Ili hewa kavu ya bara ifike juu ikiwa sawa na ile ya baharini, lazima ianze ikiwa ya moto zaidi. Tena mvuke wa bara hutoka baharini. Bahari ikipanda joto polepole, mvuke inaoupeleka bara hautoshi kwa hewa iliyozidi kupata moto, na bara huzidi kukauka.

Ripoti ya jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi ya mwaka 2021 imetoa vipimo. Ukilinganisha miaka ya 2011 hadi 2020 na ile ya 1850 hadi 1900, nchi kavu imepanda nyuzi 1.59 na uso wa bahari nyuzi 0.88. Na hiyo ni bahari iliyokwisha kumeza zaidi ya asilimia 90 ya joto lote la ziada.

Nilipoziona namba hizo mara ya kwanza nilidhani nimeielewa hatima ya kusi. Bara linazidi kuitangulia bahari. Basi kusi itazidi nguvu. Kumbe bahari yetu ina habari yake. Mathew Koll Roxy na wenzake huko Pune, India, mwaka 2014 walionyesha kwamba upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, ulipanda kufikia nyuzi 1.2 majira ya kusi kati ya 1901 na 2012, kuzidi sehemu nyingine za bahari ya tropiki. Wakati huohuo bara la India halikupanda kama mabara mengine, kwa sehemu kwa ajili ya moshi na vumbi linalokinga jua. Pengo la joto likapungua, na mvua za kusi katikati ya India zikapungua tangu miaka ya 1950. Kisha, kuanzia karibu na mwaka 2002, bara likaanza tena kupata joto upesi na mvua zikaonekana kurudi. Ndani ya umri wangu mmoja mizani imeinama huku, kisha ikainama kule. Manahodha wa Ibn Majid hawakuona kitu cha namna hii.

Majahazi hayakuuawa na jambo hili, nisieleweke vibaya. Mashine zilichukua nafasi ya tanga, mafuta ya Ghuba yaliwapa mabaharia kazi za nchi kavu, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyotokea katikati ya kaskazi, vyombo vya mbali vilipungua hadi babu akabaki na ngalawa zake tu. Alifariki mwaka 1969. Kibanda kilibomolewa, na mwimo wa mlango wenye namba za mkaa ukaenda pamoja na takataka nyingine. Kwa hilo najuta hadi leo.

Jambo moja hunirudia usiku. Julfar ya Ibn Majid ilikuwa pale ilipo leo Ras al Khaimah. Mwaka 2020 watafiti waliopitia vipimo vya vituo vya hali ya hewa duniani waliitaja Ras al Khaimah, pamoja na Jacobabad ya Pakistani, kuwa pahali ambapo joto na unyevu kwa pamoja vimekwisha kugusa, kwa saa chache, kile kipimo ambacho jasho haliwezi tena kuupoza mwili wa binadamu. Ghuba ni bahari ya kina kifupi. Maji yake hupata moto mno na kutoa mvuke mwingi, na huo hukutana na hewa ya jangwa. Huko bara na bahari havibadilishani zamu tena, vyote viwili humwelemea mtu kwa pamoja. Ndiko walikotoka watu waliokuwa wakikaa barazani kwa babu wakingoja kusi, wakilalamika kwamba joto letu la Februari haliwezekani.

Mwaka jana mjukuu wangu wa darasa la sita alikuja na kazi ya skuli kuhusu pepo, tukapanda darini na sufuria. Safari hii tatu: maji, mchanga mkavu, na mchanga nilioulowesha. Saa sita alitia mkono. Mkavu ulimchoma. Wa tatu ulikuwa umepoa karibu sawa na maji, akashangaa, maana mchanga ni uleule tuliouchota Funguni. Nilimwambia aache kuandika, angoje. Tulikula, tukaswali, tukarudi saa tisa. Mchanga wa tatu ulikuwa umekauka, na hakuweza kuushika.